Je, wajua kwa nini ubishi wa mitumba hauishi?

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ndani ya miaka 3. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikapoteza msamaha wa kodi wa AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimeshalegeza msimamo.

Nani alikuwa sahihi? Kijana anayejiandaa kwa mdahalo aanze na upande asioupenda, autetee mpaka wenyewe wakiri kwamba amewaelewa.

Anayetaka marufuku atakuonyesha viwanda vya nguo vilivyodorora: Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, na Mwatex ya Mwanza. Pamba tunalima, sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa ghafi, kisha tunanunua nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Anayeuliza ajira za viwandani zitatoka wapi hamchukii mchuuzi.

Sasa nenda soko la Karume, Ilala, asubuhi belo linapokatwa kamba. Mchuuzi amelinunua likiwa limefungwa, ndani hakujui. Wateja wazoefu wanagombea nguo safi. Zilizochakaa zitaenda mwishoni kwa bei ya kutupa. Belo hilo linamlisha mbeba mzigo, mpiga pasi na fundi cherehani anayepunguza suruali. Na mzazi mwenye watoto wanne anapata nguo ya kila mmoja. Huyu utamwambia asubiri kiwanda?

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Je, mitumba ndiyo iliyoua viwanda? Hilo ni suala la ushahidi, na ushahidi unaonyesha viwanda vingi vilikuwa taabani tangu miaka ya 1980 kwa mitambo mibovu, uhaba wa vipuri na uendeshaji mbaya. Tena mitumba ikitoka, nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia ziko tayari kuziba pengo. Kwangu mimi, hoja ya marufuku peke yake inayumba hapa.

Lakini nani abebe machungu leo ili wanaokuja wapate kazi? Hakuna takwimu itakayojibu hilo. Ni suala la haki, na watu wenye nia njema watatofautiana. Kwa hiyo msemaji akikumwagia tarakimu, muulize kwanza zinajibu swali lipi kati ya hayo mawili.