Ziwa lina chumvi kiasi gani? Usiiamini namba ya kwanza

Swali linalotufikia sana maabara hapa Dar es Salaam ni hili: kipimo kimesoma namba fulani, je, chumvi ni kiasi gani? Namba peke yake haijibu. Kipimo kinaonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi inakokotolewa baadaye.

Anza na joto. Maji yakiongezeka nyuzi moja ya Selsiasi, hupitisha umeme zaidi kwa takriban asilimia 2. Maji ya nyuzi 30 yatasoma karibu asilimia 10 zaidi ya yaleyale yakiwa nyuzi 25, bila kuongezwa hata punje ya chumvi. Ndiyo maana vipimo husahihishwa viwe vya nyuzi 25.

Kwenye ziwa lenye matabaka, kosa la kupuuza joto ni ghali. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485. Chemchemi za chini huingiza maji ya vuguvugu yenye chumvi na kabonidayoksaidi nyingi, na uzito huo huyazuia yasipande. Ukishusha kipimo huko chini, namba hupanda kwa ngazi: inatulia, inaruka, inatulia tena. Chupa moja ya maji ya juu haitakuonyesha hayo kamwe. Na kamba ishushwe taratibu. Kipimajoto huchelewa kidogo kuliko kipimo cha umeme, hivyo ukiharakisha, mpakani mwa matabaka utasoma chumvi ambayo haipo.

Kisha kuna aina ya chumvi, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi. Fomula iliyomo kwenye vifaa vingi ni ya maji ya bahari, iliyokubaliwa mwaka 1978, na inafaa kwa chumvi ya kati ya 2 na 42 tu (takriban gramu za chumvi katika kilo moja ya maji). Bahari ni takriban 35, kwa hiyo kifaa kinachofanya kazi vizuri Kigamboni kitakudanganya Ziwa Natron, ambako kilichojaa ni magadi. Tena maji yakiwa mazito mno, ayoni, yaani chembe za chumvi zinazobeba umeme, hubanana, na kuongeza chumvi kunaweza hata kupunguza umeme unaopita. Maji ya namna hiyo tunayapima densiti, yaani uzito wake kwa ujazo.

Kwa hiyo mnaotuletea takwimu, tafadhali msiandike chumvi peke yake. Andikeni umeme uliosomwa kabla ya kusahihishwa, joto na kina cha kila kipimo. Fomula ikiwa siyo, tutakokotoa upya bila kurudi ziwani.