Dodoma hadi Mwanza kwa ndege: umbali na muda hupigwaje hesabu?

Kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege, na hapa Dodoma swali ninaloulizwa sana ni hili: Mwanza ni mbali kiasi gani kwa ndege, na unafika baada ya muda gani? Nitawaonyesha hesabu yenyewe, maana ukiishika utaweza kuipima namba yoyote unayokutana nayo kwenye simu.

Uwanja wa Dodoma uko nyuzi 6 na dakika 10 kusini, nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Wa Mwanza uko nyuzi 2 na dakika 27 kusini, nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Dakika hizi si za saa, ni za ramani: kila nyuzi ina dakika 60. Dakika moja ya latitudo (kipimo cha kusini–kaskazini) ni karibu sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ukitoa, kusini–kaskazini unapata dakika 223, basi ni maili 223. Mashariki–magharibi ni dakika 169, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta hazipungui sana: maili 168 na ushee. Sasa kumbuka ile pembetatu mraba ya shuleni: hizo ni pande mbili fupi, na njia ya ndege ni ule upande mrefu. Jibu ni maili 280 hivi, au kilomita 518. Kwa gari, kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, ni karibu kilomita 700.

Kwenye muda ndiko kwenye mambo. ATR 72, ndege ya abiria ya mapangaboi, ikishatulia angani hukimbia kama noti 275, yaani maili 275 za baharini kwa saa, kwa hiyo maili 280 ni dakika 61. Q400, nayo ya mapangaboi lakini yenye kasi zaidi, kwa noti 360, ni dakika 47. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa tiketi inasema muda mrefu zaidi. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo kuna kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Mimi huongeza dakika 10 hadi 15.

Tazama Dodoma. Barabara ya kurukia imelala mashariki–magharibi, na upepo wetu kwa kawaida hutoka mashariki. Ndege huruka ikiukabili upepo, kwa hiyo anayekwenda Mwanza, kaskazini-magharibi, mara nyingi huanza kwa kuelekea upande wa Dar, ndipo anageuka. Mzunguko huo haumo kwenye zile kilomita 518. Akishageuka, upepo wa kusini-mashariki unamsukuma. Ukiwa wa noti 20 mgongoni, ATR inatumia dakika 57. Wakati wa kurudi, upepo huohuo ukiwa usoni, ni dakika 66.

Halafu kuna mwinuko. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kuinuka, na wakati mwingine uzito hupunguzwa. Ndiyo maana napenda safari za asubuhi.

Kabla hujalipa, angalia ndege inapita wapi. Ukipitia Dar, ni kilomita 390 hadi pale, kisha 850 hadi Mwanza: jumla 1,240, zaidi ya mara mbili ya njia ya moja kwa moja, na bado hujahesabu muda wa kusubiri kiwanjani.