Painti nzuri ya stauti huanzia stoo, si kaunta

Kazi yangu hapa Dublin ni ya chini ya sakafu. Wanaopigwa picha ni wenzangu wa kaunta, wale wanaoinamisha glasi, wanajaza robo tatu, wanaiweka pembeni itulie, kisha wanamalizia taratibu huku watalii wakirekodi kwa simu. Mimi niko chini yao, kwenye stoo ya baridi, na spana, ndoo na glovu za mpira. Nahudumia mitambo ya bia ya kegi, yaani ya pipa la chuma: paipu, mitungi ya gesi, koki. Jamaa kutoka nyumbani wakija kutembea huniuliza baa gani wanamimina Guinness vizuri. Jibu langu haliwafurahishi sana: kumimina ni sehemu ndogo mno ya shughuli yenyewe.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kinywaji gani. Stauti ni bia nyeusi kama Guinness, na ya kegi siyo ile Guinness ya chupa tuliyoizoea Dar, Nairobi au Kampala. Ya chupa ni kali zaidi, ina kabonidayoksaidi kama bia nyingine na inachoma ulimi, na ukiiagiza mhudumu anakuuliza, bila utani wowote, "ya baridi au ya moto?" Ya kegi inayouzwa hapa ina kilevi cha asilimia 4.2 hivi tu. Wageni wengi hawaamini, maana wanaona weusi wanadhani ni ukali. Weusi ule unatokana na shayiri iliyokaangwa bila kufanywa kimea, ndiyo maana kuna uchungu wa kahawa mwishoni. Na ukiinua glasi kwenye taa utaona si nyeusi kabisa, ni damu ya mzee iliyokolea.

Ulaini wake ni kazi ya naitrojeni. Hapo ndipo fundi anapolipwa mshahara wake.

Zamani baa za Ireland zilikuwa zinamimina stauti kutoka mapipa mawili. Moja lilikuwa na bia changa yenye povu jingi, la pili bia iliyokomaa na kutulia. Mhudumu alianza na ile changa, akasubiri povu lishuke, akamalizia na ile tulivu. Lilikuwa jambo la uzoefu, na painti (glasi kubwa ya bia) ya mtaa huu haikufanana na ya mtaa wa pili. Kisha Guinness wakamwajiri Michael Ash, mtaalamu wa hisabati, aliyejiunga nao mwaka 1951. Yeye na wenzake wakatafuta namna ya kutumia gesi mbili ndani ya chombo kimoja, na mwaka 1959, kampuni ilipotimiza miaka 200, mfumo wao ukaingia sokoni. Kwa hiyo huku kumimina mara mbili kunakosifiwa leo ni desturi iliyobaki kutoka enzi za mapipa mawili. Wanywaji walikuwa wameizoea, nayo ikaachwa iendelee. Sekunde 119.5 za kumimina painti moja zinazotajwa kwenye matangazo ni za matangazo. Siwakatazi watu kusubiri, maana bia ikitulia kwanza, mhudumu anaweza kulipandisha povu juu kidogo ya ukingo bila kumwaga. Ila usimhukumu mhudumu kwa saa ya mkononi.

Gesi yenyewe ni mchanganyiko, kwa kawaida naitrojeni asilimia 75 na kabonidayoksaidi 25. Sehemu nyingine wanatumia 70 kwa 30. Naitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye kimiminika. Kabonidayoksaidi inayeyuka kwa urahisi mara zaidi ya 50 kuliko naitrojeni. Ndiyo maana naitrojeni inabidi isukumwe kwa presha kubwa kuliko ya lager (bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu), na ndani ya koki kuna kisahani chenye vitundu vidogo sana ambavyo bia inalazimishwa kupita. Ikipita pale inavurugika, naitrojeni inafumuka kwa viputo vidogo mno, na hivyo viputo ndivyo povu lile zito lenye rangi ya malai. Kitundu kimoja kikiziba, mkondo unatoka umepinda, na povu linapungua. Nimewahi kuitwa kwa dharura kumbe dawa yake ni sindano na maji ya moto.

Kuhusu viputo kuonekana vinashuka badala ya kupanda, hilo si kiini macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick walieleza mwaka 2012 kuwa chanzo ni umbo la glasi. Kwa kuwa glasi imetanuka kuelekea juu, viputo vikipanda vinausogelea katikati na kuuacha ukingo. Bia ya ukingoni inabaki nzito zaidi, inashuka, na inaburuta vile viputo vidogo vilivyo karibu na kioo. Katikati ya glasi, usikoona, vinapanda kama kawaida.

Tatizo ninalokutana nalo mara nyingi ni mtungi usio wake. Mtu wa stoo ameishiwa gesi ya stauti jioni ya Ijumaa, anachomeka ya lager ili mambo yaende. Usiku ule hakuna anayegundua. Lakini kegi ikishinda siku mbili tatu chini ya gesi ile, bia inaendelea kunywa kabonidayoksaidi. Jumapili povu linatoka jingi, viputo vikubwa, na bia inawasha ulimi. Mhudumu anamimina nusu glasi ya povu, anamwaga, anarudia, na mwenye baa anasema kiwanda kimeharibu mzigo. Kiwanda hakijafanya lolote. Kubadili mtungi peke yake hakusaidii kegi iliyokwisha kunywa gesi, hiyo unaitoa.

Sasa paipu. Hapa naomba mniwie radhi kama mnakula.

Kutoka kwenye kegi hadi koki bia inasafiri mita kadhaa, wakati mwingine nyingi, ndani ya paipu nyembamba ya plastiki. Bia ni chakula, na ukuta wa paipu hauachwi mtupu. Chachu, bakteria na mabaki ya bia hujenga utando, ule ule utelezi unaoukuta ndani ya ndoo ya maji iliyokaa muda bila kusuguliwa. Kwa macho huuoni. Utausikia kwenye ladha: kwanza bia inakuwa butu, kisha inakuja harufu ya siagi, mwisho siki. Kwenye lager mnywaji anastuka mapema. Kwenye stauti uchungu wa shayiri iliyokaangwa unaficha mengi, kwa hiyo baa chafu inaweza kuuza muda mrefu bila malalamiko, watu wakidhani ndivyo stauti ilivyo.

Dawa tunayoitumia mara nyingi ni ya zambarau. Nasukuma bia yote itoke kwa maji, kisha navuta dawa hadi itokee kwenye koki, nafunga, naiacha ikae. Nikirudi nafungua kidogo kwenye glasi nyeupe. Ikitoka zambarau ile ile, paipu ilikuwa safi. Ikikutana na uchafu inageuka kijani. Kuna baa nimefungua ikatoka kijani ya majani ya mchicha, nikamwita meneja aje ashuhudie, maana ukimweleza kwa mdomo habari ya utando anaitikia tu. Akiona ile rangi anakaa kimya. Tunarudia hadi ibaki zambarau, tunasuuza kwa maji mengi na kupima kuwa dawa imeisha, ndipo bia inarudishwa. Koki nazo zinafunguliwa kipande kwa kipande, pamoja na kile kisahani. Uingereza mwongozo wa kawaida wa biashara hii ni kusafisha kila siku 7. Anayekwambia kila mwezi inatosha anabana matumizi tu, kwa sababu kila usafishaji unamwaga bia iliyokuwa ndani ya paipu, na bia ile ni pesa.

Kinachofuata kwa uzito ni mzunguko. Kegi ya lita 50 inatoa painti 88 kwa hesabu ya karatasi, painti moja ikiwa mililita 568. Baa yenye wanywaji wa stauti inaimaliza upesi. Kwa John Kavanagh kule Glasnevin, baa ya tangu 1833 iliyopakana na makaburi na inayoitwa kwa utani ya Wachimba Kaburi, bia haipati nafasi ya kuzeeka. Lakini ukiingia baa ambayo kila meza ina kokteli na koki ya stauti iko pembeni peke yake, bia yako huenda ililala kwenye paipu tangu jana. Hapo mtu wa kaunta awe mahiri vipi, hawezi kuiokoa. Kwa sababu hiyo hiyo painti ya kwanza ya asubuhi huwa namwachia mwingine.

Glasi nayo ina mambo yake, ila ni mafupi: mafuta. Sabuni isiyosuuzwa, rangi ya midomo, glasi iliyooshwa pamoja na sahani za chipsi, vyote vinaua povu. Glasi safi ukiilowesha maji yanatanda sawasawa. Chafu maji yanajikusanya matone matone. Na wewe mnywaji una kipimo chako: kila unaposhusha funda, povu linatakiwa kuacha pete ukutani. Ukifika chini na glasi haina pete hata moja, glasi ilikuwa na mafuta, au gesi ina walakini.

Baridi iwe nyuzi 6 hadi 8. Chini ya hapo ulimi unakufa ganzi na hela yako umenunulia rangi.

Haya yote yanahusu pia Murphy's na Beamish za Cork, ambazo watu wa huko watakwambia ndizo stauti halisi. Mitambo ni ya aina moja, na uchafu ni wa aina moja. Ukipata painti mbovu, irudishe mapema ukiwa umeonja funda moja mbili, usiseme mengi, mwambie tu kwa upole kwamba haiko sawa. Baa inayojiheshimu itabadilisha bila kubishana, na kama mwenye baa ana akili atanipigia simu kesho yake. Kabla hujaagiza, kaa sehemu unayoiona koki. Mhudumu akizamisha mdomo wa koki ndani ya bia, halafu ule mdomo ukabaki unadondosha hadi mteja anayefuata, agiza kitu cha chupa.