Kaskazi imeanza na wewe unalala barazani

Mwezi wa kumi na moja ukifika hapa Mtwara na kaskazi, ule upepo wa msimu wa joto, ikianza, pita mitaa ya Chuno au Magomeni saa tano usiku uone, watu bado wako nje, mikeka imetandikwa barazani, watoto wamelala chali hawana hata shuka, baba mtu kavua shati anajipepea na kipande cha boksi. Ukimuuliza anakwambia ndani hakukaliki. Na kweli hakukaliki. Ila malaria tunazipata hapo hapo jamani, wala sio porini.

Mi ni afisa afya mazingira, mtaani wananiita bwana afya ingawa ni mama wa watoto watatu, nimeshazoea. Kazi yangu ni kuingia majumbani kwa watu, naangalia choo, naangalia mapipa ya maji, nachungulia mpaka uvunguni, na kitu nilichojifunza huko kuliko hata chuoni ni kwamba huku kwetu joto na mbu ni tatizo moja. Mtu anaziba nyumba kwa kuogopa mbu na wezi, nyumba inageuka tanuri, akishindwa anatoka nje au anaikunja neti kwa sababu inamziba pumzi, mbu wanamkuta pale pale alipowakimbia. Sasa mimi nikija na kipaza sauti nikasema "laleni kwenye neti" nimeongea nusu. Kwanza nyumba ipoe, hiyo neti atalala mwenyewe bila kusukumwa.

Naongea hivi kwa sababu na mimi niliingia mkenge. Hela ya korosho ikitoka huku kila mtu anaezua makuti anapiga bati, na sisi tukapiga, tena la msauzi, rangi ya damu ya mzee, ukitokea barabarani unaliona linang'aa. Fundi akaniambia mama dari tutaweka baadae. Madirisha akayaweka yote upande wa mbele, eti nyuma kuna jirani mtakuwa mnaangaliana. Na mimi mfundishaji wa afya nikaitikia sawa fundi. Msimu wa joto wa kwanza kwenye ile nyumba tulilala sebuleni wote watano na mlango wazi, mume wangu kaweka panga mlangoni kwa ajili ya wezi. Kwa mbu hakuweka kitu.

Tuanze na bati basi. Jua likilipiga linapata moto, alafu upande wa ndani linautoa ule moto kushuka chini, kama unavosimama pembeni ya jiko la mkaa unasikia joto usoni na hujaligusa. Ingia kwenye chumba cha bati tupu saa nane mchana, utasikia utosini kama unabanikwa. Ndo maana feni kwenye nyumba ya hivo inachosha tu, yenyewe haipozi chumba, inapeperusha jasho mwilini, na bati linaendelea kukubanika toka juu. Makuti yana hewa nyingi katikati yanazuia huo moto, bibi zetu walikuwa wanalala vizuri tu, ubaya wake yanavuja, yanashika moto, na panya humo wanajenga mji wao. Sisemi turudi kwenye makuti. Nasema ukipiga bati umenunua nusu ya paa, nusu nyingine ni dari.

Kama uwezo upo weka jipsam au silingi bodi. Kama haupo, nimeona mama mmoja kashona majamvi akayatundika chini ya kenchi chumbani kwa wanae, na mwingine katumia salfeti za mbolea alizozifua vizuri akazipaka chokaa, na tofauti unaisikia ukiingia tu (sasa humo usiwashe koroboi wala mshumaa, nakuomba). Jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau ni kuacha matundu juu ya dari, kule kwenye pembe tatu za ukuta, hewa ya moto itokee, na matundu yenyewe yazibwe wavu wa waya maana popo wa huku hawabishi hodi. Na kama ndo unanunua bati, chukua leupe au lile la kawaida la kung'aa. La rangi nzito linameza jua. Langu nimelipaka rangi nyeupe mwaka juzi, majirani walicheka, nikawaambia njooni ndani muone.

Kuhusu jua lenyewe kuna hesabu ndogo watu hawaijui. Mtwara na Lindi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwaiyo jua linapita utosini kabisa mara 2 kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari, na katikati ya hapo saa sita mchana linakuwa limelalia kusini kidogo tu. Maana yake miezi yote ya joto paa ndo linakula jua kubwa, na ukiacha paa anayefuata ni ukuta wa magharibi, unaokula kuanzia saa tisa mpaka linazama. Bloku inameza joto taratibu, inakuja kulitoa ndani saa mbili saa tatu usiku, mda ambao we ndo unapanda kitandani. Ukishika ule ukuta usiku ni wa vuguvugu kama mtoto mwenye homa. Basi usiweke kitanda upande huo, na huko nje panda kitu, mwarobaini unakua haraka, hata mapapai au pasheni inayotambaa kwenye fito, kivuli ni kivuli. Mwembe panda mbali na msingi.

Alafu upepo. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, na mchana wa jua upepo wa bahari unaingia bure kabisa. Sasa chumba chenye dirisha moja hakiingizi upepo, chukua chupa tupu uipulize mdomoni uone kama hewa inapita. Lazima iwe na pa kutokea. Dirisha la pili upande wa pili, au kama haiwezekani basi matundu juu ya mlango, hata tofali za maua. Nenda Mikindani kaangalie zile nyumba za zamani za mawe, kuta nene kweli kweli, dari ndefu, vichochoro vimejaa kivuli, wale watu hawakuwa na feni. Sisi tuna feni na umeme unakatika saa mbili usiku. Gesi ya kuzalishia umeme inatoka Mnazi Bay hapo pua na mdomo, lakini hayo tuyaache.

Kuna ushauri unazunguka kwenye simu, tundika kanga mbichi dirishani itapoza chumba. Huo ni wa Dodoma kwenye hewa kavu. Hapa pwani hewa imeshajaa maji, kanga haikauki na wewe hukauki, unachopata ni ukungu ukutani na kifua kwa watoto.

Sasa ukishafungua nyumba, mbu. Mbu wa malaria mlango wake mkubwa sio dirisha, ni ule uwazi wa upenuni kati ya ukuta na paa. Nyumba nyingi za vijijini huku Nanyamba, Tandahimba wameuacha makusudi moshi na joto vitoke, na ukiuziba kwa udongo umeua mbu na umeua hewa. Ziba kwa wavu. Ni hilo tu, wavu, kwenye upenu, dirisha na mlango, wavu unapitisha hewa. Kuna nyumba 110 walizijenga Ifakara Health Institute, taasisi ya utafiti wa afya, na wenzao kwenye vijiji 60 vya Mtwara, wanaziita Star Home, familia zilipatikana kwa bahati nasibu ili waje walinganishe afya za watoto wa humo na wa nyumba 550 za kawaida. Hizo Star Home ni za ghorofa, vyumba vya kulala vipo juu maana mbu wa malaria wengi wanaruka chini chini, na kuta za juu ni za wavu, upepo unapita kama uko kwenye mwembe. Wazee walipoziona mara ya kwanza waliguna, nyumba gani inaonyesha ndani. Mi niliingia moja mchana wa Desemba sikutaka kutoka.

Neti ya kitandani bado unaihitaji. Chukua ya pembe nne, ile ya duara inakukaba, na feni iipulize toka nje ya neti. Ukiifua anika kivulini, jua linaua dawa yake.

Hao mbu wa malaria ni wa usiku. Kuna mwingine wa mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huyu ana historia na sisi. Chikungunya, ugonjwa anaoueneza huyu mbu na ambao leo uko mpaka India na Brazil, ulitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, uwanda wa Makonde huko Newala, mlipuko wa mwaka 1952 kuingia 1953, na jina lenyewe ni la Kimakonde, linasema habari za kujikunja, maana viungo vinauma mpaka mtu anatembea kainama. Madaktari wa wakati ule, Robinson na Lumsden, waliuandika mwaka 1955. Kule juu maji yalikuwa shida, watu wanashuka mabondeni kuteka, wakifika nyumbani wanayaweka kwenye mitungi kwa siku nyingi, na huyu mbu hataki bwawa wala mtaro, anataka maji yako masafi ya ndani.

Ukiangalia vizuri hatujabadilika sana, mtungi umekuwa pipa la bluu na simtanki. Funika mfuniko unaobana, sio kipande cha bati na jiwe juu. Kingine, kumwaga maji peke yake hakutoshi, mayai yake yanaganda ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, yanakaa makavu hata miezi, mvua ya kwanza yanaangua. Kwaiyo mara moja kwa wiki sugua pipa kwa brashi. Kwa nini wiki? Kwa sababu toka yai mpaka mbu anaruka ni kama siku 7 mpaka 10, ukisugua kila wiki unamkatisha njiani. Usisahau vifuu vya nazi, tairi la baiskeli nyuma ya choo, sahani ya chini ya ua, na lile kopo la kuku. Choo cha shimo nacho kifunike, na bomba la hewa liwe na wavu juu, wale wa maji machafu ndo wanaoleta matende na mabusha, na mabusha huku tunayajua.

Sasa naomba tuongee kitu ambacho wataalamu wa mjini hawakiongelei kwa sababu hawaoni. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mwezi wa sita mpaka wa nane watu wanapulizia mikorosho, salfa inabaki nusu mfuko, viuatilifu vya maji vinabaki robo chupa, vyote vinaingia wapi? Uvunguni. Anaogopa vitaibiwa. Alafu Oktoba magunia ya korosho yanaingia chumba hicho hicho kusubiri mnada, madirisha yanafungwa kwa ajili ya usalama wa mzigo, joto juu, vumbi la salfa hewani, na mtoto wa mwaka mmoja amelala humo. Mama analeta mtoto zahanati macho mekundu, kifua kinabana, anapewa dawa ya kikohozi anarudi nayo kwenye chumba kile kile. Nimeikuta hii zaidi ya mara moja. Baba, jenga hata kibanda kidogo cha tofali mbili tatu chenye kufuli nyuma ya nyumba, juu juu mtoto asifikie, mbali na jiko maana salfa inashika moto. Chupa za dawa usizigeuze za kuwekea mafuta ya taa au maji, hata ukiosha mara kumi.

Chakula nitapita haraka. Wali wa nazi wa mchana ukikaa mezani mpaka usiku kwa joto hili usijidanganye kuupasha, kuna sumu ya kiporo cha wali haifi kwa moto. Samaki hivyo hivyo, jodari akishalala juani pale feri hata umkaange mpaka akauke bado anaweza kukuwasha mwili mzima na kukuvimbisha uso. Jiko la mkaa toa nje. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu usilale nalo ndani, hewa yake inaua na haina harufu.

Na watoto wachanga. Mama mkwe yupo, heshima zake ziko palepale, lakini mtoto wa wiki 2 mwezi wa kwanza Mtwara kafungwa kanga tatu, blanketi na kofia ya sufu, shingo yote harara, analia mnasema ana mchango. Ana joto. Mshike mgongoni au kifuani, kama kuna jasho mvue, kanga moja inatosha, na umnyonyeshe mara nyingi zaidi, chini ya miezi 6 haitaji maji. Kwa mtu mzima, hasa wazee, ukimuona joto la mwili liko juu sana, anaongea vitu havieleweki, anapepesuka, huyo sio wa kupewa panadol akalale, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, na boda iitwe wakati huo huo.

Kwangu mimi baada ya dari na rangi nilimuita fundi mwingine atoboe ukuta wa nyuma aweke dirisha, nondo na wavu, kazi ya siku 2. Jirani alikuja kuuliza kulikoni, nikamwambia nafuata upepo, akacheka. Tunalala vyumbani sasa, kila mtu kwenye neti yake, panga limerudi shamba. Tatizo limebaki moja tu, kila asubuhi nikifungua lile dirisha naliona pipa lake la maji halina mfuniko, na sijui nianze vipi kumwambia.