Si kila samaki anayeelea amelishwa sumu

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Neno lililosikika kila mahali lilikuwa moja: sumu. Kamati ya serikali ilipotoa majibu kwamba maji yalikosa oksijeni kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, watu wengi walikataa katakata. Sifungui upya shauri lile. Nataka tu tuelewane kwamba maji yakiishiwa hewa yanaua, na yanaua wengi kwa usiku mmoja.

Dhana: Samaki wakifa kwa wingi, lazima kuna mtu kamwaga kitu.

Ukweli: samaki anaishi kwa akiba ndogo mno. Maji ya Ziwa Victoria, yaliyo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yakiwa na joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita, basi. Lita moja ya hewa unayovuta ukiwa umesimama ufukweni ina zaidi ya mara 30 ya hizo. Na maji yakizidi joto, hubeba kidogo zaidi. Sasa tia humo kitu cha kuoza, iwe kinyesi, majani au damu ya machinjioni. Bakteria wanaokiozesha nao wanavuta oksijeni, na wanaimaliza kabla hewa ya juu haijawahi kuirudisha.

Mto Mara huohuo, upande wa Kenya, umefanyiwa utafiti mzuri sana kuhusu jambo hili. Viboko zaidi ya 4,000 hushinda kwenye vina vya mto na vijito vyake, na humo ndimo wanamojisaidia. Wakati wa kiangazi kinyesi hutuama chini na oksijeni ya vina hivyo huisha kabisa. Mvua kubwa ikija, mto huyasukuma maji yale kwa mkupuo, na samaki walioko chini ya mkondo hufa. Watafiti waliupima mto kwa miaka 3 na kutoa matokeo mwaka 2018: hali hii hujirudia, bila kiwanda wala mgodi kuhusika.

Hii haimaanishi wachafuzi waachwe bila kupimwa. Lakini kabla ya kunyoosha kidole, tazama nani kafa. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hutangulia. Waliojaa kwenye fukwe za Uganda na Kenya kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 walikuwa sangara. Kambare na kamongo, wanaojua kupanda juu kuvuta hewa, mara nyingi hupona. Ukikuta hata kamongo na wadudu wa majini wamekufa, hapo una sababu nzito ya kufikiria sumu.

Dhana: Maji ya kijani yana hewa nyingi, maana mimea hutoa oksijeni.

Ukweli: mchana ndiyo. Jua likizama, mwani uleule unaanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki. Nenda kwenye bwawa la kijani saa kumi na moja alfajiri ujionee: sato wamepanda wote juu, midomo inachezacheza kwenye ngozi ya maji, wala hawashtuki ukipitisha mkono. Mtu asiyejua hudhani wana njaa, huwamwagia chakula, na chakula kisicholiwa kinakwenda kuoza. Jua likipanda wanashuka tena, na mwenye bwawa hasikii kitu mpaka siku asubuhi inapomchelewea kwa mawingu.

Dhana: Dhoruba huchanganya maji, kwa hiyo huongeza hewa.

Ukweli: inategemea chini kuna nini. Ziwa Victoria hujipanga kwa matabaka kwa miezi mingi, tangu Septemba hivi: maji ya joto juu, ya baridi kidogo chini, na hayachanganyiki. Tabaka la chini halipati hewa mpya, na kila kinachokufa juu huzama kuozea humo. Mpaka kusi ya Juni na Julai ipoze maji ya juu ndipo ziwa zima hupinduka. Dhoruba ikipiga kabla ya hapo, huweza kuyainua maji yale yasiyo na hewa hadi walipo samaki. Mwenye vizimba vya kufugia samaki kwenye ghuba hana pa kuwakimbizia sato wake, wamefungiwa humo. Ndiyo maana vifo vingi hufuata usiku wa upepo, na watu husema adui alipita gizani.

Dhana: Mbolea ikishazama kwenye tope, imekwisha.

Ukweli: hapa ndipo oksijeni inapoonyesha nguvu zake. Tope likiwa na hewa, chuma kilichomo hushikamana na fosforasi, kirutubisho kimojawapo cha mbolea, na kuizuia. Hewa ikiisha, chuma huyeyuka na fosforasi huachiwa, ikarudi juu maji yanapochanganyika. Naitrojeni, kirutubisho kingine cha mbolea, hufuata njia nyingine: pale oksijeni inapokaribia kuisha, wapo bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ikapotelea angani. Ziwa linabaki na fosforasi tele na naitrojeni pungufu, na hiyo ndiyo karamu ya bakteria wa kijani wanaoweza kuchukua naitrojeni hewani wenyewe. Wanastawi, wanakufa, wanazama, wanaoza, wanamaliza oksijeni, na tope linaachia fosforasi tena. Hata tukizuia leo mbolea yote inayotoka mashambani, ziwa litaendelea kujilisha kwa deni la zamani kwa miaka. Kwangu mimi hili ndilo la kutisha kuliko samaki mia wanaoelea.

Dhana: Pasipo na oksijeni hapana uhai, wala hapana faida.

Ukweli: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kuanzia kati ya mita 100 na 200 kwenda chini hakuna oksijeni, hivyo samaki wote wanaovuliwa Kigoma wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Huko chini bakteria wanaendelea na maisha yao. Kwenye Ziwa Kivu vijidudu wanaoishi bila oksijeni wamelimbikiza gesi ya methani ambayo Rwanda inaichoma kuzalisha umeme.

Na maji yenye oksijeni kidogo yameokoa viumbe. Sangara alipowamaliza furu, samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi Ziwa Victoria, baadhi walisalia ndani ya mafunjo, kwenye maji yaliyotulia, meusi, yenye hewa haba. Furu hao huvumilia. Sangara akiingia humo hukabwa na pumzi, hugeuka akarudi maji ya wazi.