Jicho si paneli ya sola

Wengi hulielewa jicho hivi: mwanga unaingia, unageuka umeme, ubongo unaupokea. Kama paneli ya sola juu ya bati. Mfano mtamu, ila unapotosha.

Chukua seli fimbo, zile za retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) zinazotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu. Gizani, ambako ungedhani zimelala, ndiko zina shughuli nyingi: vijilango kwenye utando wake viko wazi, ioni za sodiamu zinamiminika ndani, volteji inakaa karibu na milivolti -40, na kemikali iitwayo glutamati inamwagwa mfululizo. Mwanga ukigonga molekuli ya rodopsini, ile inayonasa mwanga ndani ya seli hizi, kipande chake kitokanacho na vitamini A hunyooka. Hapo mlolongo wa vimeng'enya huanza, vijilango hufungwa, na volteji hushuka kuelekea -70. Glutamati inapungua, na kupungua huko ndiko habari yenyewe. Yaani mwanga unazima, hauwashi!

Tsuneo Tomita wa Japani alipopima seli koni (zile za kuona rangi) za samaki miaka ya 1960, alikuta mwelekeo huohuo: mwanga ukiingia, volteji inashuka.

Nishati nayo haitoki kwenye mwanga. Inatoka kwenye chakula ulichokula, kwa kuwa pampu za seli hutumia sukari na oksijeni kuitoa tena ile sodiamu. Ndiyo maana retina hula nishati nyingi zaidi gizani kuliko mchana.

Nzi, kwa taarifa yako, ni kinyume: kwake mwanga hufungua vijilango.