Almasi za damu zilipita Entebbe: tunayoamini na yaliyotokea

"Almasi za damu, zile zinazouzwa kulipia vita, ni mambo ya Sierra Leone na Angola. Sisi Uganda hatuna hata mgodi mmoja wa almasi." Kauli hii nimeisikia Kampala, nimeisikia Arua, na kila mara inaniuma, kwa sababu kukosa mgodi ndiko kulikotuingiza kwenye ripoti. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza uporaji wa Kongo waliandika kwamba Uganda, nchi isiyojulikana kuzalisha almasi, ilikuwa inauza almasi nje, na mauzo hayo yalianza miaka ileile wanajeshi wetu walipokuwa mashariki mwa Kongo. Kisangani, mji wa Kongo, ni soko la almasi. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia Kongo yakiwa upande mmoja, yalipigana siku sita katikati ya mji huo. Raia waliokufa ni mamia.

Wapo wanaodai Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema serikali yetu ilipanga wizi ule, na wapo wanaodai ilitusafisha. Wote wanakosea. Hukumu ya Desemba 2005 haikuona ushahidi wa sera ya serikali ya kupora Kongo. Iliona kwamba wanajeshi walipora, hata maofisa wa vyeo vya juu kabisa, na kwamba Uganda haikuwazuia. Februari 2022 fidia ikapangwa: dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa ajili ya maliasili. Muuza ndizi wa Kasese, ambaye hajawahi kuiona almasi kwa macho yake, anachangia deni hilo kupitia kodi.

Dhana nyingine ni kwamba almasi ndizo zinazoanzisha vita. Botswana ilizigundua Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na haijapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe hata siku moja. Almasi zake zimo ndani ya miamba. Kuzitoa kunahitaji mtaji na mitambo mikubwa. Za Kono nchini Sierra Leone na za Lunda nchini Angola zimo kwenye changarawe za mito. Koleo, chekecheo na vijana waliosimamiwa kwa bunduki vinatosha. UNITA, kundi la waasi wa Angola, ilipopoteza wafadhili wake baada ya Vita Baridi, almasi za Lunda ndizo zilizoiweka vitani miaka mingine, hadi kiongozi wake Jonas Savimbi alipouawa Februari 2002. Tuangalie na kwetu: LRA, waasi wa Joseph Kony, ilianza bila almasi yoyote, na katika miaka ya 1990 silaha zake zilitoka Khartoum. Pembe za ndovu wa Garamba, hifadhi iliyoko Kongo, pamoja na dhahabu na almasi za Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilikuja baadaye.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile ya silaha kuvushwa usiku, porini, na watu wasiojulikana. Zipo zinazopita hivyo. Lakini shehena kubwa hupita viwanja vya ndege, zikiwa na karatasi zilizogongwa mihuri. Karatasi yenyewe ni hati ya mtumiaji wa mwisho, ambayo serikali huapa humo kwamba silaha ni zake na hazitakwenda kwingine. Uganda iliwahi kuagiza bunduki kutoka Slovakia, ikaona si za aina iliyoagizwa, ikaamua zirudishwe. Dalali wa Misri akaziuza kwa kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Guinea. Novemba 2000 ndege ikaondoka na bunduki 1,000, ikatua Monrovia, Liberia, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo vya silaha tangu 1992. Iliporudi kuchukua shehena ya pili, maofisa wetu wakaizuia, na hilo tuwape sifa yao. Zile 1,000 zilikuwa zimeshafika kwa Charles Taylor, rais wa Liberia wakati huo, aliyekuwa akiwapa RUF, waasi wa Sierra Leone, silaha na kupokea almasi. Mwaka 2012 alihukumiwa miaka 50 jela.

Mwisho, wengi huamini Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha asili ya almasi ghafi ulioanza 2003, ulimaliza jambo. Umesaidia, sikatai. Lakini unazihesabu kuwa chafu almasi ghafi zinazowafadhili waasi dhidi ya serikali, basi. Wachimbaji walipouawa na vikosi vya serikali huko Marange, Zimbabwe, mwaka 2008, mawe ya pale hayakuingia kwenye maana hiyo, na mwaka 2011 yakaruhusiwa kuuzwa. Dhahabu nayo haimo kabisa, wakati dhahabu ndiyo inayopita kwetu sasa. Watu wa Ituri, mkoa wa Kongo, waliovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na kufikia kambi ya wakimbizi ya Kyangwali wanatoka kwenye ardhi ya dhahabu. Machi 2022 Marekani ilikiwekea vikwazo kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu cha Entebbe, ikikituhumu kununua dhahabu ya magendo kutoka maeneo ya Kongo yanayoshikiliwa na makundi yenye silaha.